Upumuishaji wa Mtetemo

Katika Kanombe, mashariki ya Kigali, penye kiwanja cha ndege na hospitali ya jeshi, muuguzi amwelezaye mzazi habari za mtoto njiti kwa Kiswahili, lugha iliyopewa mwaka 2017 cheo cha lugha rasmi ya Rwanda, hahitaji neno la fahari, bali neno la kweli. Na kwa sababu hiyo nimeona vyema kuitafakari istilahi moja ya utabibu, “high-frequency oscillatory ventilation” kwa Kiingereza, ambayo ni rahisi mno kuiita “upumuaji wa kasi”, ilhali jina hilo lapotosha.

Mashine ya kupumulia ya kawaida huiga kazi ya kifua: huingiza hewa, huiacha itoke, na kwa mtoto mchanga hurudia hivyo yamkini mara 40 au 60 kwa dakika. Lakini mapafu ya njiti, maadamu yamepungukiwa na ule utando laini uzuiao vifuko vyake visisinyae, hujeruhiwa kwa kutanuliwa na kunywea huko kusikokoma. Ndipo katika miaka ya 1970, watafiti Lunkenheimer huko Ujerumani na Bryan huko Toronto wakaifuata njia nyingine, ambayo kwayo mapafu huwekwa wazi kwa mgandamizo wa kudumu, mfano wa tanga lililoshiba upepo, kisha juu ya mgandamizo huo kiwambo huitikisa hewa mara 10 hata 15 kwa sekunde, yaani 600 hata 900 kwa dakika, na kila mtikiso huwa na ujazo mdogo kuliko hata ule wa njia zenyewe za hewa. Na juu ya udogo huo, hewa mpya na ya zamani huchanganyika hata kaboni dioksidi ikatoka.

Njia hii si dawa ya kila mgonjwa: majaribio mawili makubwa ya watu wazima, yaliyotangazwa mwaka 2013, hayakuonyesha faida, na moja lilionyesha vifo zaidi.

Sasa, mama aambiwapo kwamba mwanawe “anapumua kwa kasi”, hufahamu kutweta, nako kutweta ni dalili ya maradhi. “Masafa” nalo, ambalo ndilo tafsiri ya “frequency”, ghairi ya mawimbi ya redio, kwa wengi ni umbali wa njia. Mimi nachagua “upumuishaji wa mtetemo”: kiambishi cha kusababisha chakiri kwamba mashine ndiyo itendayo, na mtetemo ndio hasa uonekanao, kwani kifua hakipandi wala hakishuki, bali hutetema kutoka mabegani hata kinenani, na muuguzi huutazama mtetemo huo apate kujua kama hewa yafika. Mama aliyelisikia neno hili kabla ya kuingia wodini hatashtuka akimwona mwanawe akitetema.

Fauka ya hayo, neno latofautisha. Iko njia nyepesi zaidi, iliyofika hata hospitali za wilaya za Rwanda, ya kumpa mtoto hewa puani huku ncha ya pili ya mpira imezamishwa katika chupa ya maji, ambamo mapovu huzua mtetemo mdogo unaorudi hata kifuani; lakini huko mtoto hupumua mwenyewe, wala hapumuishwi.