Chombo Kidogo, Elimu Kubwa



Hapa Kasense, Sumbawanga, bahari hatuioni. Tuko juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye baridi na upepo, na huko chini Kasanga yako maji makubwa ya Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, kila baada ya sala ya Alasiri, vijana wachache wa darasa letu hukaa barazani wakiunda meli. Wanaiunda kwa mbao nyembamba, maboksi na gundi, na meli wanayoiigiza ni Liemba. Mzee mmoja alinijia akaniuliza: "Maalim, watoto tumewaleta wasome au wacheze?" Swali lake ni la haki, nami nataka nilijibu mbele yako wewe uliye mwambao, maana jambo hili lakuhusu kuliko linavyomhusu yeye.

Kwanza itazame Liemba yenyewe. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen. Kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, na kutoka hapo ikapelekwa bara hadi Kigoma. Huko iliunganishwa upya, na mwezi wa Februari 1915 ikashushwa majini. Vita vilipowazidia, Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa, lakini kwanza walizipaka mashine zake grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Ilifufuka kwa mikono ya watu waliojua kila kipande kikae wapi.

Urefu wake ni kama mita 71, na upana wake kama mita 10. Niliwaambia vijana wafanye kila mita moja iwe sentimita moja. Mmoja alikata dohani ndefu kupita kiasi, wenzake wakamrudisha kwenye picha na rula, naye akakata upya. Mmoja hupima, wa pili hukata, wa tatu hushikilia mpaka gundi ikauke. Hapo pana hesabu, pana historia, na pana adabu ya kukubali kukosolewa. Kazi hii haimfai mwenye haraka wala mwenye kiburi.

Sasa turudi kwetu pwani. Wazee wetu walisafiri kwa mitepe. Mbao za mtepe zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka, lenye pembe nne. Wabajuni wa visiwa vya Lamu walisifika kwa kazi hiyo, wakichukua boriti za mikoko. Wazee wakisimulia kwamba ncha ya omo yake imeiga shingo ya ngamia wa Mtume wetu (S.A.W.). Ushoni wa vyombo ni ufundi wa kale mno: kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya 1, chataja vyombo vya kushonwa katika bandari ya Rhapta ya mwambao huu. Kisha vyombo vya misumari vikauondoa mtepe baharini, na katika karne ya 20 ukatoweka. Leo hakuna hata mmoja wa asili uliosalia. Tunaujua kwa picha, kwa maandishi, na kwa mitepe midogo ya mfano, kama iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Chombo kikubwa kimekwisha. Kidogo ndicho kinachotoa ushahidi.

Nakuambia haya, msomaji, na dhamiri yangu yanisuta. Yapata miaka 40 iliyopita, nikiwa mwalimu kijana katika mji mmoja wa mwambao, mwanafunzi alikuja chuoni na kijahazi chini ya kanzu yake, akakitoa wakati wa kusoma. Nilimnyang'anya, nikakitia motoni. Magharibi babu yake akanijia. Alikuwa fundi wa majahazi ambaye mkono wake ulikwisha kuanza kutetemeka, hawezi tena kushika tezo. Hakunigombeza. Aliniambia kuwa chombo kile walikiunda wawili kwa mwezi mzima, na kwa kila taruma alikuwa akimfundisha mtoto jina lake na kazi yake. "Wanangu hawakuutaka ufundi," akasema. "Huyu mjukuu ndiye aliyeniuliza." Nilimwomba radhi, naye akanisamehe. Lakini hawakuunda kingine. Mzee alifariki, kijana akaenda mjini kutafuta maisha. Sijui niliyachoma majina mangapi siku ile.

Basi nilimjibu mzee wa Kasense: wanasoma. Nikamkumbusha kuwa Nabii Nuhu (A.S.) naye aliunda safina katika nchi kavu, na watu wake wakipita wakimcheka. Mzee alinyamaza. Juma lililofuata alikuja mwenyewe barazani, akawaonyesha vijana kwa kidole mahali alipolala sitahani, zamani, aliposafiri na Liemba kutoka Kasanga hadi Kigoma. Siku hiyo walijifunza jambo ambalo mimi sikuwa nalo.

Ewe mzazi, mchezo usiipite sala wala usile wakati wa somo. Lakini kama nyumbani kwako yuko mzee aliyewahi kuunda au kuongoza chombo, mkalishe mtoto mbele yake na kipande cha mbao. Amwulize mkuku ni upi, hanamu ni ipi, foromali hufungwaje, naye ayaandike. Fanya hivyo mwaka huu, maana umri hauna dhamana.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa warithi wema wa waliotutangulia. Amin.