Kasi ya kupanuka kwa ulimwengu: Kwa nini vipimo vyakinzana?

LEPARUA, katika Kaunti ya Isiolo, iko karibu na Ikweta, hivyo anga yake huonyesha nyota za kaskazini na za kusini. Jioni za Januari, upande wa kusini, huonekana doa hafifu mithili ya wingu. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani ambayo umbali wake ni mojawapo ya misingi ya kupimia upanukaji wa ulimwengu.

Mwaka wa 1929, Edwin Hubble alibainisha kuwa kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyozidi kututoroka kwa kasi. Kasi yenyewe ndiyo iliyozua mgogoro.

Njia ya kwanza hutumia Sefeidi, nyota zinazong'aa na kufifia kwa vipindi maalumu, pamoja na nyota zinazolipuka katika galaksi za mbali. Mwaka wa 2022, kundi la Adam Riess lilipata kilomita 73 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani miaka ya nuru milioni 3.26. Njia ya pili huchunguza mwanga mkongwe kuliko wote. Matokeo ya setilaiti ya Ulaya, Planck, yaliyotolewa mwaka wa 2018, yalikuwa 67.4. Pengo hilo linapita kiasi cha makosa ambacho kila upande unakiri.

Mzozo wa pili wahusu jinsi maada ilivyojikusanya. Upanukaji huitawanya, nguvu ya uvutano huikusanya. Mwaka wa 2021, uchunguzi wa KiDS ulionyesha mkusanyiko hafifu kuliko utabiri wa Planck.

Hapa Kenya ina historia yake. Desemba 12, 1970, setilaiti Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi. Iligundua kuwa makundi ya galaksi hutoa miali ya eksirei, ambayo chanzo chake ni gesi yenye joto kali. Leo makundi hayo huhesabiwa kwa miali hiyo ili kupima ukuaji wa maada. Hesabu ya darubini eROSITA, mwaka wa 2024, iliafikiana na Planck. KiDS nayo ikafuata mwaka wa 2025.

Mzozo wa pili, basi, umepungua makali. Wa kwanza ungalipo. Ama kuna kosa lililofichika katika vipimo, ama nadharia inayokadiria umri wa ulimwengu kuwa miaka bilioni 13.8 ina upungufu.