Silani: kisichoonekana katika boti ya faiba

Kipini, kwenye pwani ya Kenya, haikuwa siku zote mlango wa Mto Tana. Zamani Tana ulikuwa ukiingia baharini kusini zaidi, na maji ya Kipini yalikuwa ya Mto Ozi, mto mfupi tu. Katika karne ya 19 Sultani Ahmed wa Witu, aliyejulikana kama Simba, alichimbisha mfereji wa Belezoni kuunganisha mito hiyo miwili, na taratibu Tana ukaufuata mfereji huo. Kwa hivyo chombo kinachotia nanga Kipini leo hupigwa na maji ya chumvi bahari ikijaa, na maji matamu yenye tope mto ukifurika kutoka juu, upande wa Garsen. Maji hayo mawili hayaharibu chombo kwa namna moja, na hilo lina uzito kwa wamiliki wa boti za faiba.

Vyombo vya zamani vya huko vilizuia maji kila kimoja kwa njia yake. Mtumbwi wa Wapokomo huchongwa katika gogo moja, hauna maungio ya kuhangaikia. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Majahazi yaliyofuata yalipigwa kalafati kwa pamba iliyolowa mafuta, kisha chini yakapakwa deheni ya chokaa na shahamu. Kazi hiyo ilirudiwa kila mara, na hakuna nahodha aliyeiona kuwa ajabu. Ilijulikana kwamba maji huanza kuingilia pale vitu viwili vinapokutana.

Faiba imeleta dhana kwamba tatizo hilo limekwisha, kwa kuwa boti inaonekana kitu kimoja kuanzia omo hadi tezi. Kumbe ina maungio mengi kuliko jahazi lolote. Ndani yake mna nyuzi za kioo zisizo na hesabu, nyembamba kuliko unywele, na kila uzi umezungukwa na rezini, gundi inayoganda. Kioo asili yake ni mchanga, rezini asili yake ni mafuta ya petroli, na viwili hivyo kwa hiari yao havishikani. Maji nayo hupenda kioo kuliko rezini inavyokipenda.

Wamarekani waliligundua hilo mapema. Kampuni ya Owens-Corning iliundwa mwaka 1938 kutengeneza nyuzi za kioo, na mwaka 1942 Ray Greene wa Toledo, Ohio, akaunda boti ya faiba kwa rezini ya poliesta. Wakati huo nyuzi zilipakwa wanga na mafuta ili zisikatike zikifumwa. Zikiwa kavu zilikuwa na nguvu ya kutosha. Zikikaa majini, nguvu ilishuka vibaya, maana maji yalipenya na kujipanga kati ya kioo na rezini.

Mwaka 1947 Ralph Witt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliripoti kwa jeshi la majini la Marekani jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha historia hii yote. Walitibu kioo kwa silani mbili, yaani kemikali zenye silikoni. Moja ilikuwa na sehemu inayoweza kuungana na poliesta, nyingine haikuwa nayo. Faiba ya ile ya kwanza ilikuwa na nguvu karibu mara mbili ya faiba ya ile ya pili.

Silani ina atomu ya silikoni yenye mikono minne. Mitatu hubadilishwa na maji, kisha hushika uso wa kioo. Wa nne ni wa kaboni, nao hufungamana na rezini inapoganda. Kiasi kinachopakwa ni kidogo mno, chini ya asilimia moja ya uzito wa kioo.

Lakini fundo hilo la silani na kioo, lililofungwa kwa msaada wa maji, linaweza kufunguliwa na maji hayo hayo. Mbona basi boti hudumu miaka? Edwin Plueddemann, mkemia wa Dow Corning aliyechapisha kitabu kizima kuhusu silani mwaka 1982, alieleza kwamba kufunguka na kufunga huendelea pamoja. Fundo moja likikatika, rezini huishikilia silani palepale hadi fundo lifunge tena. Uimara wake hautokani na kutokatika. Unatokana na kurudi. Ila nafasi ikishafunguka na maji yakatuama, alkali zilizomo kwenye kioo huyeyuka humo na kukila kioo chenyewe, na hapo hakuna kurudi.

Ndipo suala la Kipini linaporejea. Maji matamu hupenya faiba kwa kasi zaidi kuliko ya bahari, kwa sababu chumvi ya bahari hupunguza mvuto unaoyaingiza, na joto huongeza kasi hiyo. Malengelenge madogo kwenye ngozi ya nje ya boti ndiyo dalili ya kwanza. Dalili mbaya zaidi huonekana ubavu unapovunjika: nyuzi zikitoka nyeupe na safi, bila rezini iliyoganda juu yake, ujue maungio yalishakufa kabla ya ajali.

Ukarabati ni mgumu kwa sababu hiyo. Fundi akisugua pa kubandika kiraka, anaondoa silani iliyopakwa kiwandani na kuacha kioo kitupu. Akifanya hivyo msimu wa mafuriko, kioo hicho hunyonya unyevu wa hewa mara moja. Hivyo sehemu hiyo haina budi kukauka kabisa, kitambaa kipya kiwe kimehifadhiwa pakavu na kiwe cha aina inayokubaliana na rezini, kwa kuwa silani ya poliesta si lazima ifae rezini ya epoksi. Na kwa kuwa kiraka hakitapata mshiko wa awali, hupewa eneo pana: mteremko wa kama mara 12 ya unene wa ubavu. Ubavu wa milimita 8 unataka karibu sentimita 10 kila upande wa tundu, hata tundu lenyewe likiwa dogo kama sarafu.