Magendo ya Gondokoro

Ukiondoka Juba kwa mashua ukaufuata mkondo wa Nile Nyeupe kuelekea kaskazini, huchukui muda kufika Gondokoro. Leo jina hilo limebaki kwa kisiwa cha wakulima na wavuvi. Katika miaka ya 1860, kabla mji wa Juba haujawazwa, hapo ndipo mashua za Khartum zilipokomea, kwa sababu maporomoko ya upande wa kusini yalizuia njia. Wamisionari Wakatoliki walikuwa wamejenga hapo katika miaka ya 1850, wakafa wengi kwa homa, waliosalia wakaondoka na kuacha magofu ya matofali. Wakabaki Wabari wenye nchi yao, na wafanyabiashara wa pembe.

Tarehe 2 Februari 1863 Mwingereza Samuel Baker alitia nanga hapo akiwa na Florence, mwanamke aliyemwita mkewe. Wafanyabiashara hawakumtaka. Walimdhania jasusi wa serikali yake, na makambi yalikuwa yamejaa watu waliotekwa. Wakawahamisha mateka upesi, wakawaficha bara. Wabari ndio waliowatobolea siri watu wa Baker: mateka wapo, wanangoja mashua yake ing'oe nanga tu warudishwe mtoni. Mchana kutwa bunduki zililia ovyo. Risasi moja ilimpiga kichwani mtoto aliyekuwa ameketi ukingoni mwa mashua ya Baker, akatumbukia mtoni. Hakupatikana wa kusema ni yeye aliyefyatua.

Biashara yenyewe ilianzia kwenye deni. Mtu wa Khartum alikopa fedha kwa riba ya kunyonga, akakodi mashua, akaajiri watu mia moja au mia tatu wenye bunduki, akapandisha mto kwa upepo wa kaskazini. Akifika huku, alijifanya rafiki wa mtemi mmoja ili amsaidie kumpiga jirani yake. Kijiji kilizingirwa usiku, kikachomwa alfajiri. Ng'ombe walioporwa walibadilishwa kwa pembe. Wanawake na watoto waligeuzwa mishahara ya askari. Serikali ya Misri ilikuwa imekwisha kupiga marufuku biashara ya watumwa, kwa hiyo mateka walishushwa ukingoni siku chache kabla ya Khartum, wakapokewa na wanunuzi waliokuwa wakiwangoja, wakapelekwa kwa miguu sokoni. Mashua iliingia bandarini na pembe peke yake, safi kabisa. Ofisa aliyebaki na shaka alitiliwa kitu mkononi.

Na ilikuwa biashara ya ukoo. Andrea Debono, Mmalta, aliiendesha pamoja na mpwa wake Amabile. Tajiri mkubwa kuliko wote, al-Aqqad, alikuja kuliacha eneo lake mikononi mwa Abu Saud, mume wa binti yake. Mtu wa magendo hawezi kwenda mahakamani kumdai mwenziwe, basi humkabidhi mali yule atakayekutana naye tena kwenye harusi na matanga.

Baker naye aliokolewa na mtu wa nyumbani mwake, ingawa si wa damu. Saat alikuwa mtoto wa miaka kama 12. Alitekwa akichunga mbuzi, akauzwa, akatoroka, akapokewa na misheni ya Khartum, kisha akafukuzwa humo. Alikuja mwenyewe kwa Florence akaomba kazi. Huko Gondokoro aliwasikia askari wa Baker wakipanga kutoroka na silaha na kumpiga risasi bwana wao akiwazuia. Akaenda kumwambia Florence. Asubuhi Baker aliamuru ngoma ipigwe, akawangoja na bunduki mikononi, Florence nyuma yake akichungua ni nani anayegusa kifyatulio. Waliojipanga wakaweka silaha chini.

Wiki mbili baada ya kufika kwa Baker, wavumbuzi Speke na Grant walitokea kusini, nao wakaendelea zao. Habari yao imesimuliwa mno. Tarehe 14 Machi 1864 Baker na Florence waliliona ziwa ambalo wenyeji waliliita Mwitanzige, naye akalipa jina la Albert. Saat hakufika naye mwisho wa safari. Tauni ilimuua mwaka 1865, wakiwa ndani ya mashua kuteremka Khartum, akazikwa ukingoni.

Kwao Uingereza Baker akatukuzwa. Mwaka 1868 alitoa riwaya ya vijana, *Cast Up by the Sea*, mkasa wa Ned Grey, mtoto aliyetupwa pwani na bahari. Pwani yenyewe ni ya Cornwall, na magendo yamo humo tele: mashua za usiku, ushuru unaokwepwa, watu wanaofichiana siri. Kabla hadithi haijaisha, Ned anafika Afrika. Mimi siwezi kuifikiria riwaya hiyo bila kuikumbuka ile mashua safi ikiingia Khartum. Hila ni ile ile, na kufichiana siri ni kule kule. Ila katika riwaya mzigo ni pombe, na msomaji anaombea watu wa usiku wafanikiwe. Tena Baker alijua hadithi moja ambayo hakuitia kitabuni. Florence mwenyewe, Baker alimtoa mwaka 1859 kwenye soko la watumwa la Vidin, kando ya Mto Danube. Walifunga ndoa London Novemba 1865 tu, na Malkia Victoria hakukubali kumpokea.

Mwaka 1871 Baker alirudi Gondokoro kwa mkataba wa Khedive Ismail wa Misri, mshahara pauni 10,000 kwa mwaka, kazi yake kuikomesha biashara ya watumwa. Alifuatana na Florence na mpwa wake Julian, luteni wa jeshi la majini. Tarehe 26 Mei alipandisha bendera ya Misri na kupaita Ismailia. Nafaka ilipopungua, Wabari wakakataa kumuuzia, naye akatuma askari kuchukua ng'ombe na mtama kwa nguvu. Kwa Mbari aliyekuwa akitazama zizi lake likifunguliwa, sijui tofauti ya wageni hawa na wale wa kwanza angeionea wapi.

Abu Saud alimpinga Baker kila mahali, na mwishowe akakamatwa Cairo. Mwaka 1874 Charles Gordon, aliyeshika nafasi ya Baker, alimtoa kifungoni na kumrudisha Gondokoro kama msaidizi wake.