Kiyoyozi mpakani mwa Uganda na Kenya: Gharama ya umeme hupimwaje, na joto la nyumba hutoka wapi?

Majanji ni mji mdogo ulio kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, wilayani Busia mashariki mwa Uganda, si mbali na mahali ambapo mpaka wa Uganda na Kenya unaingia majini. Wilaya ya Busia ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997, na tangu barabara ya lami ya Musita hadi Lumino, yenye matawi ya Busia na Majanji, ilipojengwa, safari ya kufika ziwani imekuwa nyepesi. Pamoja na barabara na nguzo za umeme huja vifaa vya mjini, kiyoyozi kikiwa mojawapo.

Kwa familia inayolala chini ya paa la mabati, mashine inayotoa hewa baridi ina mvuto ulio wazi. Hata hivyo, bei ya dukani ni sehemu ndogo tu ya gharama zake. Sehemu kubwa hulipwa kidogo kidogo kupitia mita, mwezi baada ya mwezi, na katika eneo hili hulipwa kwa bei mbili tofauti kulingana na upande wa mpaka anaoishi mteja.

Mkondo mmoja, bei mbili

Umeme umevuka mpaka huu kwa miongo mingi. Bwawa la Owen Falls mjini Jinja, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954, na kabla ya muongo huo kwisha umeme wake ulikuwa ukisafirishwa kupitia Tororo hadi Nairobi. Mpaka sasa Tororo ni lango ambalo nchi hizo mbili huuziana umeme.

Mteja wa nyumbani, hata hivyo, hanunui umeme kwa bei ya mpakani. Nchini Uganda bei hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA. Kampuni ya serikali ya UEDCL ndiyo inayousambaza umeme katika sehemu kubwa ya nchi tangu tarehe 1 Aprili 2025, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kumalizika. Nchini Kenya mdhibiti ni EPRA na msambazaji ni Kenya Power.

Upande wa Uganda, uniti 15 za kwanza za mwezi zimetengewa bei ya nafuu ya shilingi 250 kwa ajili ya wenye matumizi madogo. Kutoka hapo hadi uniti ya 80 mteja hulipa bei ya kawaida, ambayo katika miaka ya karibuni imekuwa kati ya shilingi 750 na 810 kwa uniti. Kati ya uniti ya 81 na ya 150 kuna bei ya nafuu ya kupikia, takriban shilingi 412, iliyokusudiwa kuwahamisha watu kutoka kwenye mkaa. Baada ya uniti ya 150 bei ya kawaida hurejea. Juu ya yote hayo kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ada ya huduma ya kila mwezi.

Upande wa Kenya, mteja huwekwa katika kundi kwa kutazama wastani wa matumizi yake: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na wanaozidi 100. Kila kundi lina bei yake, kisha huongezwa gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme, marekebisho ya thamani ya fedha za kigeni, tozo mbalimbali na kodi. Anayepanda kundi hulipa bei mpya kwa uniti zake zote, zikiwemo za taa na redio.

Kiyoyozi hutumia uniti ngapi?

Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Ili kujua matumizi ya kifaa chochote, zidisha wati zake kwa saa kinazofanya kazi, kisha gawanya kwa 1,000.

Kiyoyozi kinachowekwa mara nyingi katika chumba cha kulala au sebule ndogo huandikwa BTU 12,000. Namba hiyo hueleza kiasi cha joto kinachoweza kuondolewa chumbani kwa saa moja. Umeme kinaoutumia kufanya kazi hiyo ni karibu theluthi moja ya nguvu ya joto linaloondolewa, yaani takriban wati 1,100 kompresa inapozunguka. Katika kiyoyozi cha kawaida kompresa huwaka na kuzimika ili kulinda kiwango cha baridi kilichochaguliwa. Tukichukulia kwamba inazunguka kwa asilimia 70 ya usiku wa saa nane, matumizi ni uniti 6 hivi kwa usiku, au 180 kwa mwezi.

Kiyoyozi cha inverta, ambacho kompresa yake hupunguza kasi badala ya kuzimika, kinaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa uniti 4 hivi kwa usiku, sawa na 120 kwa mwezi. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane hutumia nusu uniti kwa usiku, na kwa mwezi haizidi uniti 15.

Tuchukue kaya ya Majanji ambayo tayari hutumia uniti 60 kwa mwezi kwa taa, televisheni, simu na jokofu dogo. Kwa bei ya kawaida ya shilingi 760, na kodi ikiwemo, feni itaongeza takriban shilingi 13,500 za Uganda. Kiyoyozi cha inverta kitaongeza karibu 79,000. Kiyoyozi cha kawaida kitaongeza takriban 130,000. Hiyo ni mara kumi ya gharama ya feni, tena baada ya kunufaika na uniti za bei ya kupikia. Familia inayopikia umeme haitapata unafuu huo kwa ajili ya kiyoyozi, kwa kuwa jiko litakuwa limekwisha kuzitumia uniti hizo.

Upande wa Kenya, tukikadiria bei kamili ya shilingi 28 kwa uniti, kiyoyozi hicho cha kawaida kitaongeza takriban shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi. Aliyekuwa chini ya uniti 100 atajikuta pia katika kundi la bei ya juu.

Nchini Tanzania hali hiyo huonekana kwa ukali zaidi. Wateja wadogo wa TANESCO hulipa shilingi 100 kwa uniti ilimradi wasizidi uniti 75 kwa mwezi, ilhali bei ya kundi la kawaida ni shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Kaya ya uniti 70 hulipa takriban shilingi 8,500 pamoja na kodi. Ikiongeza kiyoyozi cha uniti 180 na kuhamishiwa kundi la kawaida, italipa karibu shilingi 89,000. Mashine imeongeza matumizi mara tatu na nusu, lakini malipo yamepanda zaidi ya mara kumi.

Joto la Majanji si joto la Mombasa

Kabla ya kununua ubaridi, inafaa kujua joto linatoka wapi. Mjini Mombasa, katika miezi ya joto, hewa ya usiku hubaki kwenye nyuzi 24 au 25 na unyevu ni mwingi. Hata madirisha yakifunguliwa, nje hakuna ubaridi wa kutosha wa kuingiza ndani. Ziwa Victoria, kwa upande wake, liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Januari na Februari katika ukanda wa Busia na Tororo huweza kufika nyuzi 30 au zaidi, lakini usiku mwingi joto la nje hushuka hadi karibu na nyuzi 20 au chini yake.

Kwa nini basi watu hulala wakitokwa jasho? Sababu ya kwanza ni paa. Bati lisilo na dari chini yake hupokea jua mchana kutwa na kulimimina joto hilo chumbani. Ya pili ni ukuta wa matofali, ambao hulihifadhi joto la mchana na kulitoa polepole baada ya jua kutua, saa zile zile ambazo watu wanakwenda kulala. Ya tatu ni dirisha lililofungwa.

Dirisha halifungwi bila sababu. Watu huwaogopa wezi, na zaidi ya hapo humwogopa mbu. Eneo hili limekuwa miongoni mwa yale yaliyoelemewa sana na malaria barani Afrika. Huko Nagongera, wilayani Tororo, kabla ya upuliziaji wa dawa ukutani kuanza mwishoni mwa mwaka 2014, watafiti walikadiria kwamba mtu aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea mara mamia kwa mwaka. Mzazi anayefunga madirisha jioni anamlinda mwanawe, ila kwa kufanya hivyo analifungia joto ndani.

Katika nyumba ya namna hiyo, kiyoyozi huwa kinalipiwa ili kuondoa joto ambalo hewa ya usiku ingeliondoa bila malipo, laiti ingepata njia ya kuingia pasipo mbu.

Kinachopunguza joto kabla ya mita kuzunguka

Hatua ya kwanza ni wavu wa madirishani na wa kuziba upenyo kati ya ukuta na paa. Wavu uliofungwa vizuri, pamoja na nondo za dirisha, huruhusu hewa kupita huku mbu na mwizi wakibaki nje. Madirisha mawili yanayotazamana hupitisha hewa vizuri kuliko moja kubwa. Chandarua cha kitandani kisiachwe hata pale madirisha yanapokuwa na wavu.

Hatua ya pili ni dari, ikiwa na nafasi ya hewa kutoka kati yake na bati. Bati lililopakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, tofauti na bati lililoshika kutu. Baraza pana au mti wa kivuli upande wa magharibi huuzuia ukuta kupigwa na jua la alasiri.

Hatua ya tatu ni feni. Feni haipunguzi joto la chumba, bali husaidia jasho kukauka mwilini, na kwa hiyo mtu huhisi nafuu. Hewa ya nje ikiwa baridi kuliko ya ndani, feni iliyowekwa karibu na dirisha huivuta ndani. Joto linapokuwa kali mno, hasa mtu akiwa mzee, mgonjwa au mtoto mchanga, feni peke yake haitoshi, na hapo kiyoyozi huwa kinga ya afya.

Kwa anayeamua kununua

Kiyoyozi cha kwanza cha kisasa kilibuniwa na mhandisi Mmarekani Willis Carrier mwaka 1902, kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji mjini New York ambacho karatasi zake ziliharibiwa na unyevu wa hewa. Mashine hii bado hufanya kazi mbili, kupoza hewa na kuikausha, na kando ya ziwa ukaushaji huo hula sehemu ya umeme.

Mnunuzi atazame kwanza ukubwa: mashine kubwa kupita kiasi hupoteza umeme, na ndogo kupita kiasi haipumziki. Nchini Kenya viyoyozi viko chini ya kanuni za mwaka 2016 za lebo ya nyota, na nyota nyingi huashiria matumizi madogo ya umeme. Mashine kuukuu zinazotumia gesi ya R22 ni za kuepukwa, kwani gesi hiyo inaondolewa sokoni duniani kote chini ya Itifaki ya Montreal na kuijaza upya kutazidi kuwa kugumu. Mahali ambapo nguvu ya umeme hupanda na kushuka, kompresa inahitaji kifaa cha kuilinda.

Baada ya hapo kuna matumizi. Kila nyuzi moja inayoshushwa huongeza matumizi kwa asilimia 5 hadi 10, hivyo nyuzi 26 pamoja na feni ni nafuu kuliko nyuzi 20 bila feni. Kichujio cha hewa kisafishwe kila mwezi, nyufa za milango zizibwe, na kipima muda kiizime mashine usiku wa manane, hewa ya nje inapokuwa imepoa.

Suala hili ni kubwa kuliko ufuo mmoja. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba kati ya watu bilioni 2.8 wanaoishi katika maeneo yenye joto kali zaidi duniani, asilimia 8 tu walikuwa na kiyoyozi. Wengi wa waliobaki watakihitaji kadiri joto linavyoongezeka, na bili zao zitategemea nyumba walizojenga. Kwa kaya ya Majanji yenye fedha za kufanya jambo moja tu mwaka huu, wavu na dari hugharimiwa mara moja na kutumika kwa miaka. Kiyoyozi kinaweza kufuata baadaye, na kikija kitakuta joto dogo la kuondoa.