Majike waliowekwa pembeni: historia fupi ya utafiti wa stresi

Wenzangu wa lisanse, leo tuache mihogo kidogo, tuongee panya na nyani.

Stresi tunayoitaja kila siku hapa Kalemie ina historia yake. Mwaka 1936 Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal, Kanada, alitoa barua fupi kwenye jarida Nature. Yeye alikuwa anatafuta homoni mpya ya kike. Alichukua ovari za ng'ombe machinjioni, akatengeneza dawa, akadunga panya. Tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, zikavimba, na tumbo likatoka vidonda. Akajaribu sumu zingine, baridi, mazoezi makali: matokeo yaleyale. Basi haikuwa homoni yake. Ni mwili uliojibu taabu.

Ajabu ni hii: habari iliyoanzia kwenye ovari iligeuka habari ya madume. Tangu 1922, Long na Evans wa California walikuwa wameeleza kwamba mzunguko wa panya jike unachukua siku 4 ao 5. Watafiti wengi wakaona mzunguko huo utavuruga hesabu, wakanunua madume tu. Beery na Zucker walipohesabu makala za 2009, kwa utafiti wa ubongo walikuta makala 5.5 za madume peke yao kwa kila 1 ya majike peke yao.

Sisi wa agro tunashangaa. Mbuzi jike akiwa kwenye joto anapiga kelele, anakula kidogo, hatulii. Mfugaji haiti hiyo kosa la hesabu. Ndiyo mbuzi mwenyewe.

Mwaka 1991, palepale Montreal, Viau na Meaney waliwafunga panya majike kwa muda wasiweze kujigeuza, kisha wakapima damu. Waliokuwa wanaelekea kwenye joto, estrojeni ikiwa juu, walitoa homoni ya stresi mingi kuliko walipokuwa kwenye siku zingine za mzunguko. Taabu ni moja, jike ni yuleyule wa aina moja, jibu linabadilika na siku.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki kulikuwa na shida nyingine. Robert Sapolsky alianza kufuata nyani wa Kenya 1978. Aliwalaza kwa kishale chenye dawa, akatoa damu. Alichagua madume, juu majike karibu kila wakati wana mimba ao wananyonyesha, na kumlaza mama mwenye mtoto ni hatari. Sababu hiyo naikubali. Ile ya "kuvuruga hesabu" siikubali. Lakini matokeo ni mamoja: kitabu kikajaa madume.

Kilichofungua njia ni mavi. Samuel Wasser, aliyechunguza nyani wa Mikumi, Tanzania, na wenzake walionyesha 1988 kwamba homoni za uzazi zinasomeka kwenye kinyesi. Hakuna kishale tena. Kule Amboseli, ambako nyani wanafuatwa tangu 1971, majike wakaingia kwenye hesabu pia: 2008 ilionekana homoni yao ya stresi inapanda wakati wa kiangazi na joto kali.

Ng'ambo ya ziwa letu, kwenye milima ya Mahale, Wajapani wanafuata sokwe tangu 1965. Ila kwa hoja hii twende Kanyawara, Uganda. Huko Martin Muller na wenzake, kwa kupima mkojo, walionyesha 2007 kwamba majike walio kwenye mzunguko wanapigwa zaidi na madume, na kotisoli yao inapanda. Mzunguko hauleti stresi kwa homoni peke yake. Unaleta pia fimbo za wengine. Hilo panya wa sanduku, aliyefungwa peke yake, hawezi kukuonyesha.

Na ile hofu ya kuvuruga hesabu? Mwaka 2014 Prendergast na wenzake walipitia makala 293 za panya wadogo wa labo: majike hawakuyumba kuliko madume, hata bila kufuata mzunguko. Tangu 2016 taasisi ya afya ya Marekani, NIH, inamtaka anayeomba pesa aeleze jinsia zote mbili, ao atoe sababu nzito. Kwa mwenye kupanga jaribio la mbuzi ao sungura huku, kazi ni ndogo: safu moja zaidi kwenye daftari, ya tarehe ya joto.