Majarida ya Kitaaluma ya Afrika: Kutoka Rafuni Hadi Mtandaoni

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, na vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vikaanza kujitegemea. Wasomi wake walichunguza udongo, magonjwa na lugha za nchi zao, nao walihitaji mahali pao pa kuchapisha. Majarida ya vyuo yakapata umuhimu mpya, ingawa nakala zake zilikuwa chache na hazikufika mbali.

Wakati huo njia ya kujulikana duniani ilikuwa imekwisha kuwekwa. Tangu 1964, Eugene Garfield wa Philadelphia, Marekani, alikuwa akichapisha faharasa iliyoonyesha ni nani amemnukuu nani katika sayansi. Faharasa hiyo haikuweza kubeba kila jarida, hivyo ilipendelea yale yaliyonukuliwa sana. Jarida lililoachwa nje halikuonekana. Na kwa kuwa halikuonekana, halikunukuliwa wala halikuingizwa.

Kisha ukaja msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980. Fedha za kigeni ziliadimika, karatasi ikawa ghali, na matoleo yakachelewa au yakakatika kabisa.

Basi kosa lilikuwa la nani? Wapo wanaozilaumu faharasa za Magharibi, na wapo wanaowalaumu wahariri kwa kutotoa matoleo kwa wakati. Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini hata makala iliyochapwa kwa wakati ilihitaji mahali ambapo msomaji wa mbali angejua kwamba ipo. Historia iliyofuata inaonyesha kwamba pengo hili lilikuwa na uzito mkubwa.

Mwaka 1998 shirika la INASP la Uingereza lilianzisha tovuti ya African Journals Online, maarufu kama AJOL, ikiwa na majarida machache tu. Mwanzoni tovuti hiyo ilionyesha yaliyomo na ikisiri, na aliyetaka makala nzima aliagiza nakala. Hatua hiyo ilikuwa ndogo, lakini mtafiti wa Accra sasa aliweza kujua kilichoandikwa Dar es Salaam bila kufunga safari.

Mwaka 2005 usimamizi wa AJOL ulihamia Afrika Kusini. Wakati huohuo zana zilikuwa zimeongezeka: Open Journal Systems, programu ya bure iliyobuniwa Kanada, iliwawezesha wahariri kupanga makala mtandaoni, na Google Scholar, iliyoanza Novemba 2004, ilitafuta makala za kitaaluma bila kusubiri faharasa teule. Leo AJOL ina majarida zaidi ya 500.

Hata hivyo, mtambo wa kutafuta hutegemea unachopewa. Jina la mwandishi likiandikwa vibaya, ikisiri ikikosekana au tovuti ya chuo ikizimika, makala hupotea tena. Ndiyo maana vyuo vyetu havina budi kuwaajiri na kuwaheshimu wahariri na wakutubi wanaoifanya kazi hii, kwa sababu utafiti uliogharimiwa na umma una haki ya kuufikia umma.